Miaka 11 Bila Ajali, Halafu Unaambiwa Uanze Sifuri

Leo nimeamka na hasira kidogo, mnivumilie.

Nina baba mdogo anaishi Reading, hapa Uingereza, tangu mimi niko shule ya msingi. Ni mtu wa magari hasa. Nje ya nyumba yake limesimama Peugeot 504 la mwaka 1976, rangi ya krimu, na kila Jumapili analifuta kama mtu anayemwogesha mtoto. Mliokulia Afrika Mashariki mnalijua gari hili hata kama hamkuwahi kulipanda. Ndilo lililoshinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, ndilo lililokuwa likiunganishwa Kenya, na ndilo baba mdogo alilojifunzia kuendesha Moshi, kwenye gari la mjomba wake. Kwa hiyo msimuulize kwa nini mzee wa miaka 67 anahangaika na chuma cha zamani. Nilimuuliza mara moja, nikajibiwa kwa saa nzima.

Sasa kisa chenyewe. Mpaka Septemba 2019 baba mdogo alikuwa na magari mawili: hilo 504 la mapenzi, na Toyota Corolla la kwendea kazini. Kwenye Corolla alikuwa amekaa miaka 11 bila kudai hata senti kwa kampuni ya bima. Hapa Uingereza, kila mwaka ukipita bila kudai unaongezewa punguzo kwenye ada ya mwaka unaofuata. Waingereza wanaliita NCD, mimi naliita punguzo la kutodai. Sio pesa ndogo. Dereva wa miaka mingi anaweza kupunguziwa zaidi ya nusu ya ada. Alipostaafu akauza Corolla, akabaki na 504 lake tu, ambalo alilikatia bima ya magari ya kale.

Bima hii ni mnyama wa aina yake. Ni rahisi kuliko bima ya kawaida, na sababu zinaeleweka: gari linalala gereji, linatoka siku za jua, na mwenyewe analipenda kuliko kiatu chake cha Idi. Kampuni inakuwekea kikomo cha maili kwa mwaka (yeye aliwekewa 3,000) na nyingi zinataka uwe na gari jingine la shughuli za kila siku. Yeye alipata moja isiyodai hilo. Mnakubaliana mapema thamani ya gari, ili likiungua usilipwe bei ya chuma chakavu. Serikali nayo ina huruma na magari haya: likishapita miaka 40 halilipi kodi ya barabara, na tangu Mei 2018 mengi yake hayalazimishwi ukaguzi wa kila mwaka. Bima tu ndiyo haina msamaha, labda ulitangaze rasmi kwamba halipo barabarani.

Alipouliza kuhusu punguzo lake la miaka 11, yule binti wa kwenye simu akamwambia, kwa upole kabisa, kwamba kwao halihitajiki. Ada yao imeshashuka tayari, haijali umekaa miaka mingapi bila kudai. Baba mdogo akafurahi. Akaiweka barua ya punguzo kwenye droo pamoja na vyeti vya ndoa na hati za kusafiria, akiamini iko salama. Hakuna aliyemwambia kwamba barua ile inaoza.

Ndiyo, inaoza. Kampuni nyingi hapa zinalitambua punguzo kwa miaka miwili tu tangu mkataba wako wa mwisho uliolitumia uishe. Msidhani ni sheria ya Bunge. Sheria inakulazimisha uwe na bima, basi. Hiyo miaka miwili ni desturi ambayo kampuni zenyewe zimejiwekea.

Mwanzoni mwa 2023 mama mdogo akafanyiwa upasuaji wa goti. Hospitali mara tatu kwa wiki, mazoezi, vipimo. Ukipiga hesabu, maili 3,000 zingekwisha kabla ya Juni, na 504 lenyewe kulipanda na goti bovu ni adhabu. Wakanunua Nissan Micra iliyotumika. Baba mdogo akaingia kwenye mtandao, akajaza fomu, akaandika miaka 11 ya kutodai. Pauni 390. Akapiga simu kukamilisha, akaulizwa barua ni ya tarehe gani. Akaisoma. Kimya kidogo, halafu: samahani bwana, hiyo imeshapitwa na wakati, inabidi tuhesabu sifuri. Pauni 870.

Akawaambia lakini miaka mitatu na zaidi nimekuwa naendesha, nina bima, sijagusa hata ukingo wa barabara. Wakamjibu hiyo ni bima ya gari la kale, haizalishi punguzo. Kwa maana nyingine, kwa macho yao alikuwa kama kijana aliyepata leseni jana, tofauti ni mvi tu.

Hapa ndipo hasira yangu ilipo. Fomu ile ile aliyojaza ina swali lingine: je, umewahi kupata ajali au kudai ndani ya miaka mitano iliyopita? Swali halijali ulikuwa kwenye gari gani. Angegonga nguzo mwaka 2021 akiwa kwenye 504, angelazimika kulitaja, na ada ingepanda. Kwa hiyo baya lako linakufuata wewe kwenye gari lolote utakalopanda, ila jema lako linafungwa kwenye gari moja, tena kwa muda. Hebu niambieni, huo ni mizani wa namna gani?

Najua watakavyojibu, maana nilimpigia jamaa mmoja anayefanya kazi kwenye bima na tulibishana sana. Anasema mtu anayeendesha maili chache za Jumapili hajathibitisha chochote, huwezi kumlinganisha na anayepambana na foleni kila asubuhi. Nakubali nusu. Basi mpe nusu! Mhesabie mwaka mmoja kwa kila miwili. Au lisimamishe punguzo lake palepale lilipo wakati yuko kwenye bima ya gari la kale, lisikue wala lisife. Dereva mwenye bima halali, anayeendesha, asiyedai, unamwekaje kundi moja na mtu aliyeacha kuendesha kabisa? Jamaa akasema mambo haya yanaamuliwa na watu wa hesabu. Nikamwambia watu wa hesabu ndio wangekuwa wa kwanza kuona kwamba miaka 14 bila ajali si sifuri.

Ndugu zangu wa nyumbani mnaweza kusema hayo ni matatizo ya wenye nacho, sisi tunakata bima ndogo ili trafiki asitusumbue. Sawa. Lakini mlioko huku, na najua mko wengi mnaotamani Mini ya zamani au Volkswagen kobe, msikilizeni mwenzenu kabla hamjauza gari la kila siku.

Kwanza, ulizeni kampuni ya gari la kale swali moja kwa lugha ya wazi: nikikaa kwenu miaka mitano bila kudai, mtanipa barua inayosema hivyo? Zipo zinazotoa, na zipo kampuni za kawaida zinazoikubali barua hiyo, ila lazima utafute na usiamini tovuti, piga simu. Punguzo moja halitumiki kwenye magari mawili kwa wakati mmoja, lakini kampuni nyingine hukubali kukupa linalofanana nalo kwenye gari la pili, kama la kwanza bado lipo. Ndiyo maana mwenye uwezo asiuze gari la shughuli haraka. Na kama unaliuza, andika kwenye kalenda siku mkataba unapoisha, ongeza miaka miwili, zungushia wino mwekundu.

Baba mdogo alilipa zile pauni 870. Mama mdogo alikuwa na miadi Jumatatu, hapakuwa na muda wa kuzunguka kutafuta nyingine. Juzi nilipoenda kumsalimia, shikamoo, marahaba mwanangu, akanipeleka moja kwa moja kwenye ile droo. Kuna barua mpya ya Micra. Akaniambia nimpige picha akiwa ameishika mbele ya 504. Picha nimepiga, ila amekataa nisiiweke hapa mpaka ifike tena miaka 11.