Nakala Isiyohakikishwa Si Nakala

Wazee wetu walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi madaftari mengi yamehamia ndani ya kompyuta, wala hasara haikuacha kuyafuata huko. Juma hili twataka kuzungumza nanyi habari ya kazi ndogo ifanywayo kila siku katika ofisi, shule na nyumba za Lubumbashi, nayo ni kunakili mafaili kutoka kompyuta ya mezani na kuyaweka katika fleshi au diski ya nje. Kazi hiyo yaonekana nyepesi mno, hata ni wachache waulizao ni programu gani ifaayo kuifanya. Sisi wenyewe hatukuuliza, mpaka tulipofundishwa na kosa letu.

Katika parokia moja ya mji huu tulisaidia kupiga picha kurasa za kitabu kikongwe cha ubatizo. Picha ziliwekwa katika kompyuta ya ofisi. Nafasi ilipokaribia kwisha, jioni moja tulizinakili zote katika diski ya nje. Dirisha la kunakili likajifunga, ishara ya kwamba kazi imekwisha. Na papo hapo, kabla hatujaiondoa diski, umeme ukakatika. Uliporudi tuliifungua diski, tukaona majina yote ya picha yamejipanga kwa utaratibu, tukaridhika, tukazifuta zile za kwanza.

Miezi ikapita. Mvua kubwa za Januari zikapenya paani, zikalowesha kabati, na kurasa za mwisho za kile kitabu zikaharibika zisisomeke tena. Ndipo alipokuja binti mmoja kuomba cheti cha ubatizo, kwa maana arusi yake ilikuwa karibu. Tuliifungua diski bila wasiwasi wo wote. Jina la ukurasa wake lilikuwapo, lakini picha haikuwamo. Faili lilikuwa tupu. Baba paroko hakutugombeza. Alinyamaza tu, nasi tungaliona afadhali atugombeze. Sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 876, yakubali ushahidi wa mtu mmoja aaminikaye kuthibitisha ubatizo, iwapo haumdhuru mtu. Basi mama yake wa ubatizo akasafiri kutoka Likasi, akashuhudia, na arusi ikafungwa. Lakini wale wengine walioandikwa katika kurasa zile, ambao wasimamizi wao wamekwisha fariki dunia, watamleta nani?

Yafaa tueleze jinsi jambo kama hilo liwezavyo kutokea. Kompyuta inaponakili, mara nyingi haiandiki kila kitu diskini papo hapo. Sehemu ya data hushikwa kwanza katika kumbukumbu ya muda, nayo kumbukumbu hiyo huishi kwa umeme tu. Majina ya mafaili yaweza kuwa yamekwisha andikwa diskini, na yaliyomo bado. Umeme ukikatika saa hiyo, au mtu akiichomoa fleshi kwa haraka, jina hubaki na mwili wake hupotea. Atazamaye orodha ya majina peke yake ni kama mwalimu ahesabuye vifuniko vya madaftari, asifunue hata kimoja.

Basi, atakaye kuchagua programu ya kunakili asiulize kwanza kama ni ya mbio. Na aulize mambo matatu. Je, kazi ikikatizwa, programu yaweza kuendelea bila kuanza yote upya? Je, faili likikataa kunakiliwa, programu yasema wazi ni faili lipi, au yaliruka kimya? Na jambo la tatu, lililo kubwa kuliko yote: je, ikisha kuandika, yarudi kuisoma nakala na kuilinganisha na faili la kwanza?

Njia ya kawaida ya Windows, ya kukokota faili kwa kipanya kutoka folda hii hadi ile, yatosha kwa barua mbili tatu. Lakini hairudi kuisoma nakala ili kuihakiki, na umeme ukikatika katikati ya picha elfu moja haikumbuki ilifika wapi. Kwa hiyo isitumike peke yake kwa vitu visivyo na badala.

Kwa mtu asiyezoea kuandika amri, TeraCopy yafaa sana, nayo hutolewa bure kwa matumizi ya nyumbani yasiyo ya biashara. Hiyo yaweza kusimamishwa na kuendelea. Faili lenye kasoro huliruka, kisha hulionyesha katika orodha yake. Tena, ukiiamuru, huhakiki nakala zote baada ya kazi. Ipo pia FastCopy, iliyotungwa na Mjapani Shirouzu Hiroaki, nayo ina uhakiki wake. Lakini angalieni: kuwa na uhakiki ni jambo moja, na uhakiki kuwashwa ni jambo jingine. Kabla ya kuanza, tazameni kama alama yake imewekwa.

Walio na mazoea zaidi wanayo Robocopy, iliyomo ndani ya Windows tangu Vista ya mwaka 2007, wala hailipiwi. Ukiiongezea /Z, huendelea na faili lililokatizwa. Ukiiongezea /LOG, huandika taarifa ya kazi yote. Ila ina ukaidi wake. Isipoelekezwa vingine, faili likikataa hulijaribu tena mara 1,000,000, ikingoja nukta 30 kila mara. Pigeni hesabu: ni siku 347 za kungoja faili moja! Kwa hiyo yafaa kuiambia ijaribu mara tatu tu, kwa /R:3, na ingoje nukta tano, kwa /W:5. Tena Robocopy hailinganishi yaliyomo. Hutazama ukubwa wa faili na saa yake. Uhakiki hauna budi kufanywa kwa njia nyingine.

Watumiao Linux wanayo rsync, iliyotolewa mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras huko Australia. Ikitumiwa mara ya pili na neno -c, husoma mafaili ya pande zote mbili na kulinganisha yaliyomo, kisha hunakili yale tu yaliyotofautiana.

Na huo ulinganifu hufanywaje? Programu hulisoma faili lote, na kwa hesabu maalumu hutoa alama fupi. Ile iitwayo SHA-256 hutoa alama yenye tarakimu na herufi 64. Ukibadili hata nukta moja tu ndani ya faili, alama hutoka nyingine kabisa. Alama za faili la kwanza na za nakala zikiwa sawasawa, twaweza kulala usingizi. Windows yenyewe yaweza kuitoa alama hiyo kwa amri certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256; na Linux kwa sha256sum.

Yako mashimo manne ambamo tumeona watu wengi wakitumbukia, nasi tumo.

La kwanza ni kukata badala ya kunakili. Msikate kamwe. Nakilini kwanza, hakikini, na kufuta kuje mwisho kabisa.

La pili ni neno /MIR la Robocopy. Neno hilo hufanya pande mbili zifanane kabisa, yaani hufuta upande wa pili kila kisichokuwamo upande wa kwanza. Mtu akikosea njia, akaelekeza folda tupu juu ya folda iliyojaa, atabaki na mbili tupu. Ongezeni kwanza /L, ambayo huonyesha yatakayotendwa bila kuyatenda.

La tatu ni fleshi za uongo. Ziko ziuzwazo zikijitangaza kuwa na GB 64, kumbe ndani zina nane. Hupokea mafaili yote kwa upole na kuonyesha majina yote, lakini yaliyozidi hupotea. Ni kusoma tena tu kuwezako kufichua hila hiyo. Wala msichanganye hila hiyo na jambo jingine: fleshi iliyopangwa kwa FAT32 hukataa faili lifikalo GB 4, hata nafasi ikiwa tele. Huo si ugonjwa. Ipangwe kwa exFAT, baada ya kuondoa vyote vilivyomo, kwa maana kupanga upya hufuta.

La nne ni kuhakiki upesi mno. Ukisoma nakala mara tu baada ya kuandika, kompyuta yaweza kukujibu kutoka katika ile kumbukumbu ya muda, wala si kutoka diskini. Toeni diski kwa utaratibu, ichomekeni tena, ndipo mhakiki.

Sisi sasa, katika ile ofisi, twafuata desturi hii: twanakili kwa TeraCopy, uhakiki ukiwa umewashwa, twaitoa diski na kuirudisha, twalinganisha alama, kisha twafungua kwa macho faili la kwanza, la katikati na la mwisho. Nakala ya pili twaiweka katika nyumba nyingine, kwa maana mvua na mwizi haviulizi alama. Kazi hiyo yaongeza muda, pengine maradufu. Hatulalamiki tena.

Mji wetu unao ushahidi wa thamani ya nakala moja nzima. Mwaka 1965, mji ulipokuwa ukiitwa bado Elisabethville, André Yav alitunga kwa Kiswahili cha hapa historia ya mji huu, kwa ajili ya chama cha wale waliopata kuwa watumishi wa nyumbani. Halikuwa andiko la wakubwa. Lakini nakala yake ilidumu, na mwaka 1990 mtaalamu Johannes Fabian aliichapisha pamoja na tafsiri. Leo wajukuu wa watumishi wale waweza kusoma maneno yenyewe. Kama jina la kijitabu peke yake ndilo lililobaki, tungalijua tu kwamba kuna jambo lililosemwa, tusijue ni lipi.

Basi, wasomaji wapenzi, mkirudi nyumbani leo, ichukueni ile diski mnayoitumainia, fungueni faili la mwisho kabisa, mtazame kama limo. Likiwamo, mshukuru. Lisipokuwamo, heri mjue leo, kompyuta ya kwanza ingali hai, kuliko siku ile mtu atakapobisha hodi kuliuliza.