Uchumi Unapanda, Sahani Haipandi



Baba mumoja wa kambi, mwenye kuwa sasa ku pansioni, alituuliza hivi: «Radio inasema uchumi wa inchi unapanda. Lakini sahani yangu ya bukari haipandi. Nani anasema uongo?» Kisha akaongeza kwamba mujukuu wake wa miaka kumi na mbili ameacha masomo juu ya kuosha mawe ya shaba pamoja na wachimbaji.

Baba, pengine hakuna mwenye kusema uongo. Lakini mutu akikuambia uchumi umepanda, usimuulize tu umepanda kiasi gani. Muulize umepanda kwa njia gani.

Tutazame kazi tunayoiona sisi wote nyuma ya kartie: matofali. Tuseme vijana wawili wana forma moja ya mbao. Wakimuita wa tatu, matofali yanaongezeka. Wakimuita wa ine, yanaongezeka kidogo tu. Wa tano anakuja kuikaa chini anangojea zamu, na magaribi anapashwa kula sawa wenzake. Hiyo ni njia ya kwanza: mikono. Njia ya pili ni vyombo: wananunua forma ya pili na kigari cha kubebea udongo. Ni vizuri, lakini hata forma zikiwa kumi, vijana watano watazitumikisha namna gani zote? Njia ya tatu ni akili. Mumoja anajifunza ku fundi namna ya kuchanganya udongo na kupanga tanuru, na matofali yenye kupasuka yanapunguka. Kuni ni zile zile, mikono ni ile ile, lakini faida imeongezeka. Na iko njia ya ine, ile watu wanayosahau: mupango. Kama barabara imekatika, kama ku kila bariere wanaomba feza, kama mwenye uwanja anaweza kuwafukuza kesho, nani atakuwa mujinga wa kununua forma ya pili?

Wataalamu wa uchumi wanafanya hesabu hii kwa inchi nzima. Robert Solow wa Marekani aliifanya mwaka 1957 kwa inchi yake, toka 1909 mpaka 1949. Alikuta kwamba kazi ya saa moja ilikuwa inazaa karibu mara mbili kuliko mbele, na kwamba mashini zilileta kama sehemu moja tu ya nane ya ongezeko hilo. Sehemu saba zilitoka ku maarifa na namna nzuri zaidi ya kufanya kazi. Usizani ni vile pahali pote. Inchi maskini inapoanza, mara nyingi ni mikono na vyombo ndivyo vinaibeba. Njia zinapokezana kwa miaka, na hapa kwetu Katanga tunaweza kuziona wazi.

Union Minière ilianza 1906, na shaba ya kwanza ilitoka ku tanuru za Lubumbashi mwaka 1911. Wakati ule ilikuwa mikono tu. Kompani ilitafuta watu mbali, Kasai, Rwanda na Burundi, hata Rodezia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia. Walikaa miezi michache, wengi wakafa na magonjwa, wengine wakakimbia. Toka 1928 ikabadilisha: kontra ya miaka tatu, mutu akuje na bibi yake, nyumba, lupitalo, masomo ya watoto. Haikuwa mapendo tu, ilikuwa hesabu. Kisha mashini na umeme: Mwadingusha mwaka 1930, Nzilo na Nseke katika miaka ya 1950. Mwaka 1930 Katanga ilitoa karibu tani 139.000 za shaba. Mwaka 1960 karibu tani 300.000. Wafanyakazi hawakuongezeka mara mbili. Lakini akili ile iliachwa kwa kusudi chini ya ngazi: siku ya uhuru, Wakongo wenye diploma ya université hawakufika hata 30 katika inchi nzima.

Gécamines ilipanda mpaka kupita tani 470.000 mwaka 1986. Baba, wewe ulikuwa ndani, unajua kuliko mimi ginsi ilivyoanguka. Bei ya shaba ilikuwa imeshuka toka 1974 na 1975. Feza ya faida iliondoka, mashini hazikubadilishwa. Septemba 1990 mine ya Kamoto ikabomoka chini ya udongo. Mwaka 1991 watu wakapora miji. Mwaka 1992 na 1993 mafundi wengi wakafukuzwa Katanga pamoja na jamaa zao, sababu tu wazazi wao walitoka Kasai. Mwaka 1994 ikabaki kama tani 30.000.

Tuangalie vizuri. Shaba haikuisha chini. Mikono ilikuwa bado elfu na elfu, ikingojea mushahara usiokuja. Mupango ndio uliokufa mbele, vyombo vikafuata, kisha akili ikapanda gari-moshi na kwenda. Mimi naona ni kosa kubwa kusema kwamba utajiri wa Katanga ni mawe.

Kisha ikakuja sheria mupya ya mine mwaka 2002. Mwaka 2003 na 2004 watu zaidi ya 10.000 wa Gécamines walitolewa ku kazi kwa feza ya Banki ya Dunia. Kompani zingine zikaingia na vyombo vyao. Mwaka 2014 Kongo ilipita tani milioni moja, na 2023 ikapita milioni mbili na nusu. Huo ndio uchumi radio inasifu, na hesabu ni ya kweli. Lakini ni njia ya pili, karibu peke yake. Kamyo moja kubwa inabeba kazi ya mikono mingi, na faida ya chombo inaenda kwa mwenye chombo. Sehemu ya Leta, na ile inayorudia ku barabara na lupitalo zetu, inafuata njia ya ine.

Tena inapashwa kugawanya. Mwaka 1960 tulikuwa kama milioni 15. Leo tumepita milioni 100. Uchumi ukipanda kwa 6 ku mia na watu wakiongezeka kwa 3, kila sahani inabakiwa na 3. Mwaka 2016, bei ya shaba iliposhuka, uchumi ulipanda polepole kuliko watoto walivyozaliwa. Mpaka leo pato la mutu mumoja halijafikia lile la mwanzo wa miaka ya 1970. Na jamaa nyingi za Kongo zinaishi na jembe, pahali mbegu nzuri na barabara hazijafika. Ndiyo maana Zambia ikifunga mahindi yake, bunga inapanda bei Lubumbashi siku ile ile.

Sasa mujukuu wako. Mikono yake inaongeza uchumi leo, siwezi kukuambia hapana, na najua feza ile inanunua bunga. Lakini yeye ndiye kijana wa tano wa matofali: watoto wakiongezeka ku muto, munegociant anapunguza bei ya gunia. Leta ilianza kulipia masomo ya primaire mwaka 2019. Darasa zimejaa, walimu wanalalamika kwa haki, lakini mutoto aliyeingia wa kwanza mwaka ule alifika mwisho wa sita mwaka 2025. Ikiwa wako alibakiza mwaka mumoja, umurudishe. Ikiwa alimaliza, basi ni secondaire, na kule wazazi wanalipa bado. Enda umuone mukubwa wa masomo mbele masomo haijafunguliwa, umuombe kulipa kidogo kidogo kila mwezi, na umuulize pia kama kuko darasa za ufundi wa umeme ao mashini.