Sista, fomu hiyo utaijaza lini?

Leo nataka tuandamane, mimi nawe, hadi Soko la Burma, lile la nyama kando ya Barabara ya Jogoo, si mbali na Kaloleni na Shauri Moyo. Wazee wa Eastlands husema jina hilo lililetwa na askari wa KAR waliorudi kutoka Burma, ambako Waafrika Mashariki walipambana na Wajapani mwaka wa 1944. Siku hizi vita vya pale ni vya kugombania mbavu tu.

Nilikwenda huko Jumamosi moja asubuhi na jirani yangu. Jina lake sitalitaja, wala la hospitali anakofanya kazi, kwa sababu bado anahitaji mshahara. Jua tu kwamba ni muuguzi, ana watoto watatu, na asubuhi hiyo alikuwa ametoka zamu ya usiku. Wakwe zake walikuwa njiani kutoka mashambani, naye alitaka kilo nne za nyama kabla hajaweka kichwa kwenye mto. "Nikilala kwanza," aliniambia, "nitaamka wageni wamefika na jikoni kuna vitunguu tu."

Msomaji, kama hujawahi kwenda sokoni na muuguzi, jaribu siku moja. Hatukuwa tumepita bucha ya tatu kabla ya mama muuza matumbo kumsimamisha. Mjukuu wake alikuwa na homa kwa siku ya pili. Sista akauliza maswali mawili, akasema, "Mama, usingoje Jumatatu. Mpeleke hospitali sasa hivi." Yule mama akamwachia mwenzake meza na kuondoka. Akaondoka, na biashara ilikuwa imepamba moto! Mbele kidogo kijana wa kukata nyama akamwonyesha kidole alichokifunga kwa kitambaa kichafu. Akaamrishwa akakioshe kwa maji safi na sabuni, akifunge vizuri, na asiguse nyama ya watu mpaka afanye hivyo. Alitii kama mtoto wa darasa la pili. Mwenye bucha mwenyewe hakuthubutu kunung'unika.

Tukaketi kungoja nyama yetu ikatwe, tukaagiza nusu kilo ya kuchoma ili tusikae bure. Alipofungua mkoba kutafuta pesa, karatasi iliyokunjwa mara nne ikaanguka. Nikaiokota. Ilikuwa fomu ya kuwania uongozi katika tawi la chama chao. Ilikuwa imekaa mkobani wiki mbili, na haikuwa na hata herufi moja.

"Wenzangu ndio walioniletea," akasema. "Lakini mimi na uongozi wapi na wapi?"

Nikamtazama. Huyu ndiye aliyekuwa ametoka kuamrisha nusu ya Soko la Burma bila kupandisha sauti.

Hapa niseme jambo kwa ajili yako wewe usiye muuguzi, maana hata mimi nilikuwa nikichanganya. Wauguzi wa Kenya wana vyombo vitatu, na kila kimoja kina kazi yake. Tazama ng'ombe aliyening'inia buchani. Ana muhuri wa mkaguzi, na bila muhuri huo haruhusiwi kuuzwa. Hilo ni Baraza la Wauguzi, ambalo liko chini ya sheria ya 1983. Linasajili, linatoa leseni, na linaweza kukunyang'anya. Halipo kumtetea muuguzi, lipo kumlinda mgonjwa. Kisha kuna anayebishana bei. Hicho ni chama cha wafanyakazi, KNUN, kilichosajiliwa baada ya Katiba ya 2010. Cha tatu ndicho tunachokisahau, chama cha taaluma, NNAK, kilichoanzishwa mwaka wa 1968. Hiki ni cha ufundi wenyewe. Muuguzi afunzwe nini, ajiendeleze vipi akishaajiriwa, na serikali inapoketi kutunga sera ya afya, nani atasema yanayotokea kando ya kitanda saa tisa za usiku? Hiki pia ndicho kinachoiwakilisha Kenya katika Baraza la Kimataifa la Wauguzi, ambalo limekuwapo tangu 1899.

Sista ni mwanachama. Hulipa ada yake, hupata ujumbe kwenye simu, na basi. Nilimwuliza mara ya mwisho alihudhuria lini mkutano wa tawi. Akacheka. Aliwahi kuomba abadilishiwe zamu ili ahudhurie, na msimamizi wake, muuguzi mwenzake na mama mwenzake, akamjibu kwamba hospitali si kilabu. Mara nyingine alikwenda baada ya kukesha, akasinzia kwenye kiti, akaamka viongozi wameshachaguliwa. "Tulikuwa watu kumi na wawili," alisema. "Kwenye kundi letu la WhatsApp tuko zaidi ya mia mbili."

Naam, hapo ndipo ninapowalaumu wauguzi kidogo, na wanisamehe. Kundi hilo hulalamika mpaka usiku wa manane. Chama hakisikiki, chama kimelala, chama ni cha watu fulani. Lakini siku ya kuchagua, wanaofika ni wale walio na Jumamosi mikononi mwao, na mwenye Jumamosi mikononi mwake mara nyingi si mama wa watoto watatu anayefanya zamu ya usiku.

Kumbuka mwaka wa 2017. Wauguzi wa kaunti waligoma kuanzia Juni 5 hadi mwanzoni mwa Novemba, karibu siku 150. Kila jioni tulimsikia katibu mkuu wa KNUN, Bw Seth Panyako. Sina ugomvi naye, kazi aliyochaguliwa kufanya aliifanya kwa sauti kubwa. Lakini nilimwomba jirani yangu anitajie kiongozi mwanamke aliyemsikia redioni katika miezi hiyo mitano. Alifikiri mpaka nyama choma ikaletwa, kachumbari ikaletwa, na bado alikuwa akifikiri. Na hii ni kazi ambayo walio wengi ni wanawake! Shirika la Afya Duniani lilichapisha ripoti mwaka wa 2019 kuhusu jambo hili hili. Wanawake ni kama asilimia 70 ya wafanyakazi wa afya ulimwenguni, lakini katika vyeo vya juu ni kama asilimia 25 tu.

Sasa nikuulize wewe, msomaji. Unamjua Eunice Muringo Kiereini?

Nilipomtajia jirani yangu jina hilo alisema, "Si alikuwa mke wa yule mkubwa wa serikali?" Ndiyo, mumewe Jeremiah Kiereini alikuwa mkuu wa utumishi wa umma. Lakini mama huyo alikuwa muuguzi kabla ya kuwa mke wa mkubwa. Alipanda hadi kuwa afisa mkuu wa uuguzi wa Kenya, na mwaka wa 1981 wauguzi wa dunia nzima wakamchagua kuwa rais wa Baraza lao la Kimataifa. Aliongoza hadi 1985. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kukalia kiti hicho. Tangu hapo kiti kimekwenda Kolombia, Korea Kusini, Marekani, Denmark, Uingereza, Japani, Australia, Kanada, Ireland, Marekani tena, na mwaka wa 2025 kikaenda Uhispania. Afrika hakijarudi.

Jirani yangu akaacha kutafuna. "Mkenya?" akauliza. Mkenya. Na wewe umesoma uuguzi miaka mitatu na nusu na kufanya kazi miaka kumi na minne, nikamwambia, na unamjua kwa jina la mumewe.

Mwenye bucha, ambaye alikuwa akisikiliza huku akijifanya ananoa kisu, akaona aingilie. Akasema wao pale sokoni hawapotezi muda. Wakitaka mwenyekiti humtafuta mtu mmoja tu, yule ambaye kanjo wakija anaweza kusimama mbele yao bila kutetemeka. "Mkiweka mtu mnyamavu, mtahamishwa na meza zenu," alisema. "Sista hapa hata mimi namwogopa."

Tulicheka sote, lakini alikuwa amegusa penyewe. Wapo wakubwa ambao wauguzi wanahitaji mtu wa kusimama mbele yao. Tangu huduma za afya zilipopelekwa kwenye kaunti mwaka wa 2013, mwajiri si mmoja tena, ni kaunti 47. Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia sahihi makubaliano ya kuwapeleka wauguzi wetu huko. Wenzake wawili wa chuoni wameshakwenda ng'ambo, na wodini kwake hakuna aliyejaza pengo. Nani anauliza, wakati mikataba kama hiyo inaandikwa, wanaobaki watauguza wangapi kila mmoja? Usiku uliotangulia yeye na mwenzake mmoja walikuwa na wodi nzima. Hilo hakulalamikia, alilitaja tu kama mtu anavyotaja mvua.

Sababu yenyewe ya fomu kukaa mkobani ilitoka mwishoni, tulipokuwa tukibeba nyama kuelekea kituo cha matatu. Haikuwa zamu wala nauli. "Nikisimama nikashindwa, nitacheka nao vipi wodini Jumatatu? Na nikishinda, nyumbani watasema nini? Mikutano mingine huisha saa mbili za usiku." Akanyamaza, kisha akaongeza, "Zamu ya usiku hakuna anayeuliza, kwa sababu inaleta mshahara."

Kwa hiyo, wewe bwana unayesoma ukurasa huu, na mkeo ni muuguzi, swali hilo ni lako. Umemzoea akitoka saa kumi na mbili jioni na mwavuli wake, na watoto umewalisha mwenyewe usiku mwingi bila kufa. Jioni moja kwa mwezi ya mkutano inakushinda kwa nini? Nawe matroni unayepanga zamu, unajua vizuri kwamba daftari lile huandikwa kwa kalamu ya risasi na lina nafasi ya kufuta.

Jioni ile nilialikwa kula na wageni, na nilikwenda, kwa maana mbavu nilizisaidia kubeba. Fomu ilikuwa imewekwa juu ya kabati, ina doa la mafuta la Burma pembeni. Mama mkwe akaiona. Akauliza ni ya nini, akaelezwa na mwanawe, tena kwa maneno machache na macho chini. Mzee huyo wa kike, msomaji, ameongoza kikundi cha akina mama kijijini kwao kwa miaka mingi. Aliuliza jambo moja tu, "Mkutano ni lini?"

"Jumamosi ya mwisho wa mwezi, Mama. Saa tatu asubuhi. Lakini Ijumaa nina zamu ya usiku."

"Nitakuja kukuchukua hospitalini," mumewe akasema. Hakuna aliyekuwa amemwuliza.

Mama mkwe akamtuma mjukuu alete kalamu. Ya kwanza haikuandika, akatumwa tena. Sista akaandika jina lake, nambari ya usajili na tawi lake. Alipofika penye nafasi anayowania akaandika herufi mbili za "mweka hazina", akasita.

"Kwa nini si mwenyekiti, mwanangu?" mama mkwe akauliza.

Jirani yangu akainuka, akasema ugali unaungua, akaenda jikoni kuugeuza. Nilipoaga saa tatu kasoro fomu ilikuwa bado mezani, na zile herufi mbili zilikuwa zimekatwa kwa mstari mmoja. Mwisho wa kuirudisha ni Ijumaa.