Wasee wa modeli, osheni brasi kwanza

Leo naongea na wale wachache wetu tunaojenga modeli za reli. Nyinyi wengine kaeni tu, mambo ni yale yale ukipaka rangi kitu chochote cha chuma.

Maoni yangu ni haya: video nyingi za kupaka rangi vipande vya brasi zinatudanganya. Unaonyeshwa sekunde thelathini za mtu akipuliza rangi, muziki mtamu, dirisha dogo linageuka kijani, likes kibao. Saa mbili za kuosha zimekatwa. Halafu kijana wa Umoja anaagiza shiti ya madirisha kutoka Uingereza, analipa, analipia tena usafiri, anapuliza vile aliona, na baada ya mwezi rangi inatoka kwa ukucha kama ganda la ndizi. Pesa ya mwezi mzima imeenda hivyo.

Kwani lazima brasi? Hapana. Kuta jenga na kadibodi ama plastiki, hakuna aibu. Brasi ni ya vitu vyembamba: fremu za madirisha, vyuma vya ngazi, mabano ya veranda. Hebu piga hesabu. Kwa skeli ya 1:76, kijiti cha dirisha chenye upana wa milimita 25 kinabaki milimita 0.33. Plastiki ya wembamba huo ukiipigia chafya imeenda. Sasa wewe paka rangi nene, milimita 0.1 kila upande. Kijiti kimefika 0.53, ambayo kwa jengo halisi ni kama milimita 40. Umelipia wembamba halafu umeuzika na brashi.

Shida ya brasi ni kwamba ni laini mno, rangi haipati pa kushika. Juu yake kuna mafuta ya vidole vyako. Na kama umelehemu, flaksi iliyobaki ndiyo adui mkubwa, hasa ile ya asidi. Inaendelea kula polepole chini ya rangi, na siku moja unaona ukijani umechungulia kwenye kona.

Kwa hivyo sugua vipande vikiwa bado vimeshikana kwa shiti yake, na msasa laini wa maji, mkono mwepesi, kwa sababu kikipinda hakirudi vizuri. Vikate kwa wembe juu ya kitu kigumu, kigae kinatosha. Maliza kulehemu, kisha osha: maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo, mswaki mzee. Suuza mpaka uchoke. Vikishakauka, vidole marufuku, tumia kibano.

Kuna wanaoapa kwa siki. Sawa, ichovye dakika chache, inang'arisha kwa sababu inaondoa ule weusi wa juu, na usisahau kusuuza tena. Lakini siki si praima, na hapa ndipo ninagombana na watu. Brasi bila praima ni kubahatisha. Na si praima yoyote, ni ile yenye asidi kidogo, ile mafundi wa bodi za magari hupuliza kwenye chuma kitupu ili rangi ishike. Usihangaike kuiagiza ng'ambo, mikebe ya kupuliza ni balaa kusafirisha kwa ndege. Ingia duka la rangi za magari, uliza ya chuma kitupu, na ujaribu kwanza kwenye ule ukingo wa shiti ambao ungetupa. Puliza kaukungu tu, ngoja, rudia. Fanyia nje na uvae maski, maze, hiyo harufu si mchezo.

Mbona nakuwa mkali hivi juu ya kadirisha? Reli yetu ilianza Mombasa 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Treni za abiria za Mombasa zilipohamia SGR 2017, stesheni ndogo za njia ya zamani zilibaki kimya, na mbao hazisubiri mtu. Beshte yangu anajenga stesheni ambayo babu yake alifanyia kazi. Familia ina picha mbili tu, zote nyeusi na nyeupe. Rangi ya madirisha anaijua mzee peke yake, na imebidi akae naye na kadi za rangi za duka la ujenzi mpaka mzee akaweka kidole kwa moja. Hiyo rangi ndiyo inaenda juu ya brasi. Ikibambuka baada ya miaka mitano, ataenda kumuuliza nani?

Vipande vyake viko kwa praima tangu Alhamisi, kwa boksi la viatu, vumbi lisiingie. Ananisumbua kila siku kama anaweza kupuliza. Nimemwambia Jumapili.