Simu ikikatika sekunde ya 32, usisingizie kasi ya intaneti

Jamani, nimechoka na mafundi wanaomuuzia mteja intaneti ya kasi zaidi kila simu ya SIP inapokatika. Ikikatika sekunde ya 32 kila mara, tatizo si kasi. Upande uliopokea umetuma 200 OK, ila ACK haijaufikia. RFC 3261 ya mwaka 2002 inautaka urudie kutuma kwa sekunde 32, kisha ukate. Mara nyingi ni anwani ya 192.168 iliyoachwa kwenye Contact, au ruta yenye SIP ALG inayochezea ujumbe. Zima ALG, lipe lango lako anwani ya nje, fungua Wireshark usome. Kumuuzia mgonjwa dawa bila kumpima ni wizi, si ufundi.