Namba ya Simu Si Hesabu

Kama unaandika tovuti kwa PHP, leo nina neno kuhusu safu, yaani lile jina moja linalobeba vitu vingi kwa mpigo. Katika lugha nyingi, orodha ya kawaida na orodha yenye funguo ni vyombo viwili tofauti. PHP, ambayo Rasmus Lerdorf aliitoa mwaka 1995, inakupa chombo kimoja kwa kazi zote mbili. Wengi huicheka kwa hilo. Mimi siicheki, maana humrahisishia kazi anayeanza. Lakini chombo hiki kina tabia moja inayoweza kuvuruga hesabu za pesa.

Tuseme unatengeneza programu ya chama. Una safu ya michango ya Januari na nyingine ya Februari. Ufunguo ni namba ya simu ya mwanachama, thamani ni shilingi alizotuma. Unaziunganisha hivi:

$yote = array_merge($januari, $februari);

Ukifungua $yote, namba za simu hazimo. Kuna 0, 1, 2, 3. Pesa zipo, wenyewe hawajulikani.

Sababu ni kwamba PHP hugeuza ufunguo wa maandishi unaofanana na namba kamili ukawa namba kweli. 254 ikifuatwa na tarakimu tisa hugeuzwa, hata ukiizungushia alama za kunukuu. Kisha array_merge huzipanga upya funguo za namba kuanzia sifuri. Namba inayoanza na 07 husalimika kwa ile sifuri ya mbele. Hata ya 254 husalimika kwenye seva ya biti 32, kwa kuwa inapita kikomo chake cha 2,147,483,647. Kwa hiyo programu ileile inaweza kutoa majibu tofauti kwenye mashine mbili, bila kulalamika hata kidogo.

Kuna wanaoshauri utumie alama ya + badala yake. Funguo zitabaki, ndiyo, lakini aliyelipa miezi yote miwili ataandikiwa mchango wa Januari tu. Kwa pesa, pitia mmoja mmoja ujumlishe:

$yote = $januari;
foreach ($februari as $simu => $kiasi) {
    $yote[$simu] = ($yote[$simu] ?? 0) + $kiasi;
}

Msimamo wangu ni huu: namba ya simu si hesabu. Hakuna anayejumlisha simu mbili apate ya tatu. Ni jina la mtu lililoandikwa kwa tarakimu. Ihifadhi kwa umbo moja, ikiwa na +254 mbele, na PHP itaiacha kama maandishi. Ukichanganya 07 na 254, mwanachama mmoja atakuwa watu wawili.

Tusiilaumu lugha kwa jambo lililoandikwa wazi kwenye mwongozo wake. Mama aliyetuma shilingi 500 hajui array_merge ni nini, wala si kazi yake kujua. Anachotaka ni kukuta mchango wake umeandikwa kwake.