Mkaguzi aje mbele ya beto, si nyuma ya rangi

Wakaaji wa Bukavu wanakumbuka siku ya yenga, tarehe 3 Februari 2008. Tetemeko la ardhi la kipimo cha 5,9 lilipasua manyumba hapa kwetu. Ngambo ya Ruzizi, kule Rwanda, kanisa liliangukia watu waliokuwa wanasali. Tuko ndani ya bonde la ufa, inaweza kurudia wakati wowote. Lakini ukiangalia namna tunajenga, ni kama tumesahau.

Mwenye kujenga anajua tu habari ya ruhusa: anachoresha plani, analipa, anangojea muhuri. Kiisha mkaguzi anafika wakati ukuta umekwisha kupigwa krepi. Ataona nini? Vyuma vimefunikwa. Anaangalia rangi na makaratasi, mara nyingine anapewa pesa ya transporti, anaenda.

Basi shantie ipangwe kufuatana na vitu vitakavyofichwa. Mkaguzi aitwe kwanza mtaro wa msingi ukiwa wazi, juu milima yetu iko na udongo wa kuteleza. Arudi wakati feri za nguzo zimesimama, mbao bado. Hapo ndipo kazi yenyewe. Aangalie makadri, vile vyuma vidogo vinavyozunguka feri kubwa: chini na juu ya nguzo vikaribiane zaidi kuliko katikati, na ncha zake zikunjwe kabisa kuingia ndani. Ncha iliyokunjwa nusu inafunguka nguzo ikitikiswa, na feri kubwa zinapinda kama majani. Mafundi wengi wanaruka hiyo sababu inakula saa, na feri ni bei. Mara ya tatu ni shenaje, ule mkanda wa beto unaofunga kuta zote: mbele ya kumwaga, feri zipite kwenye kona na kushikana, zisiishie pale.

Na kama mkaguzi hakuje? Piga picha, mita ya kupimia ionekane ndani. Picha haiponyeshi nguzo mbaya, lakini fundi anayejua utapiga picha anafunga makadri vizuri.

Wengine watasema kungojea mkaguzi kunakula pesa, juu mafundi wanalipwa kwa siku. Ni kweli kabisa. Kwa hiyo serikali nayo iweke watu wa kupanda milima siku iliyopangwa, na bei ya kila ukaguzi ibandikwe ukutani, ilipwe benki. Leo wengi wetu hatujui hata mlango wa kubisha, wala ni nani ataandika jina lake chini ya ile karatasi.